Mpwa Wangu Ameachwa kwa Sababu ya Pushapu Sita

Mshauri mpendwa,

Mimi ni mjomba wa kijana wa miaka 15 ninayeishi naye hapa Morogoro tangu dada yangu alipofariki dunia miaka mitano iliyopita. Kijana yuko kidato cha pili. Alianza kucheza mpira wa kikapu akiwa darasa la saba, kwenye uwanja wa saruji ulio nyuma ya kanisa mtaani kwetu, na tangu mwaka jana amekuwa akirefuka kwa kasi ambayo imenitia hasara. Mwezi wa tisa mwaka jana nilipompima ukutani alikuwa na sentimita 181, na juma lililopita amefika 192. Suruali za shule nimemnunulia mara tatu katika kipindi hicho.

Mwezi wa saba kituo kimoja cha kukuza vipaji cha Dar es Salaam kilitangaza usaili wa vijana wa chini ya miaka 16. Tuliondoka hapa na basi la saa kumi na moja alfajiri, naye akiwa amekunywa chai na maandazi mawili tu, kwa maana alisema tumbo halitaki. Tulifika tukakuta vijana wapatao sitini wakiwa wamebandikwa namba kifuani. Majina yaliandikwa, hotuba zikatolewa, na ilipofika saa sita mchana, jua likiwa utosini, wakaanza kupimwa. Kwanza zilikuwa pushapu za dakika moja, kisha kuruka wima na kugusa ukuta uliopakwa chaki, kisha mbio za mita 20 za kwenda na kurudi kwa kufuata mlio ambao kila dakika unaongezeka kasi. Walioshika nafasi thelathini za mwanzo ndio waliopewa mpira ili waonyeshe mchezo wao mchana ule. Waliobaki waliambiwa wachukue mabegi yao.

Mpwa wangu alipiga pushapu sita. Aliruka sentimita 38. Katika mbio za mlio aliishia hatua ya tano, akawa miongoni mwa wa kwanza kutoka. Hakugusa mpira hata mara moja, wakati ndicho kitu pekee kilichotupeleka kule. Kocha alimshika bega akamwambia, kwa upole kwa kweli, “Urefu unao, mwanangu, ila nguvu huna. Kajenge mwili, urudi mwakani.” Njia nzima hadi tunaingia Msamvu hakusema neno.

Tangu siku ile kijana amebadilika. Nimegundua kwamba anatoroka usiku kwenda kwenye jimu moja ya mtaani, ambako anabeba vyuma pamoja na wanaume wenye familia zao, na hakuna anayemwelekeza. Goti lake la kulia linamuuma, chini kidogo ya kifuniko cha goti, mahali ambapo pameota kinundu, na akishuka ngazi za shule anashika ukuta. Sasa ananiomba shilingi 40,000 kila mwezi za ada ya jimu, pamoja na unga wa protini ambao kopo moja linauzwa 180,000. Rafiki yake amemwonyesha kwenye simu habari za Kevin Durant, mchezaji mkubwa wa Marekani ambaye eti alishindwa kunyanyua chuma hata mara moja alipopimwa, na kwa hiyo rafiki anasema vipimo vyote ni upuuzi. Jirani yangu, ambaye ni mwanajeshi mstaafu, anasema kocha yuko sahihi kabisa na kwamba mtoto asiye na pumzi hana michezo. Mimi fundi seremala sijui nimsikilize nani.

Naomba unieleze: vipimo hivi vina maana kwa kijana wa umri wake au havina? Nilipie jimu na huo unga? Nirudi Dar es Salaam nikamkabili kocha? Na je, tayari amechelewa? Pia kila Jumapili huenda kucheza na watu wazima kwenye uwanja uleule wa kanisani. Nimwache au nimzuie?

Mjomba, Morogoro

JIBU

Ndugu yangu Mjomba,

Pole kwa safari, na pole zaidi kwa msiba ulioufanya mzigo huu uwe wako. Maswali yako ni matano, lakini kuna la sita ambalo hukuliuliza, nalo ndilo linalotangulia yote, yaani goti.

Maumivu yaliyo chini ya kifuniko cha goti, pamoja na kinundu pale juu ya mfupa wa muundi, kwa kijana anayerefuka upesi na kurukaruka sana, mara nyingi ni tatizo ambalo madaktari huliita Osgood-Schlatter. Msuli mkubwa wa paja hushikamana na mfupa wa muundi kwa kano inayopita juu ya goti, na pale inaposhikia, mfupa wa mtoto bado ni laini kwa sababu unaendelea kukua. Mifupa ikirefuka haraka kuliko misuli, kano huvuta sehemu ile laini kila anaporuka, na mahali pale huvimba na kuuma. Kwa kawaida tatizo hili hutulia ukuaji unapokoma, wala si la kumtisha mtu, ila haliponi kwa kuchuchumaa na chuma begani usiku. Mpeleke hospitali aonwe na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia, kwa kuwa mimi nasoma barua na sijaliona goti. Ikiwa kiungo chenyewe kinajaa maji, kinakwama katikati ya kukunja, au kinamwamsha usiku kwa maumivu, usisubiri hata wiki. Na kwa sasa vyuma visimame.

Tuje kwenye usaili. Umenipa vipimo viwili bila wewe mwenyewe kujua kwamba ni vipimo: sentimita 181 mwezi wa tisa mwaka jana na 192 hivi sasa. Huo ni ukuaji wa sentimita 11 katika muda wa mwaka mmoja hivi. Wavulana wengi hufikia kilele cha kurefuka wakiwa na miaka 14 hivi, lakini wako wanaokifikia wakiwa na 12 na wako wanaokifikia wakiwa na 16, na katika mwaka wa kilele kijana huongeza sentimita tisa au kumi. Mpwa wako yuko katikati ya kilele chake, au ndio kwanza anakitoka. Jambo ambalo watu wengi hawalijui, wakiwamo baadhi ya makocha, ni kwamba urefu hutangulia na nguvu hufuata nyuma. Mifupa hurefuka kwanza, kisha baada ya miezi kadhaa, wakati mwingine hata mwaka, misuli hujaa na nguvu huongezeka kwa kasi. Katika kipindi hicho cha katikati kijana huwa kama mtu aliyevaa viatu vya kaka yake: hujikwaa, hukosea umbali, na mambo aliyoyaweza mwaka jana humshinda. Kumpima nguvu katika miezi hiyo na kutoa hukumu ni sawa na wewe kukagua kabati ambalo gundi yake haijakauka.

Na tazama walivyompima. Pushapu ni kuuinua mwili kwa mikono, na mwenye mikono mirefu huuinua mwili wake umbali mrefu zaidi kila mara kuliko mwenye mikono mifupi. Mikono ileile inayomfanya awe na thamani chini ya kikapu ndiyo inayomwadhibu sakafuni. Hapo hapo alikuwa ameamka usiku, akakaa ndani ya basi kwa saa kadhaa, akala maandazi mawili, kisha akasimama juani hadi saa sita. Sisemi hivyo ili kumtafutia visingizio. Sita ni chache, hata kwa mwenye mikono mirefu. Ninachosema ni kwamba karatasi ile iliandikwa nguvu, uchovu, njaa na umri wa mwili wake vyote katika namba moja, na hakuna awezaye kuvitenganisha.

Sasa Durant, kwa sababu rafiki wa kijana amesema kweli lakini ameisema nusu. Ni kweli kwamba mwaka 2007, katika kambi ya vipimo iliyofanyika Orlando kabla ya timu za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, kuchagua wachezaji wapya, Kevin Durant alilazwa kwenye benchi chini ya chuma cha ratili 185, yaani kilo 84 hivi, na hakuweza kukisukuma hata mara moja. Watu walicheka na kuandika sana. Muda mfupi baadaye timu ya Seattle ilimchagua akiwa wa pili, mwaka 2008 akawa mchezaji chipukizi bora wa ligi, mwaka 2014 akawa mchezaji bora wa ligi nzima, na leo ana medali nne za dhahabu za Olimpiki.

Nusu iliyoachwa ni hii. Siku Durant aliposhindwa na chuma, kila timu ilikuwa imekwisha kumwona akicheza msimu mzima katika Chuo Kikuu cha Texas, ambako alikuwa na wastani wa pointi 25.8 na kudaka mipira 11 inayorudi kutoka kwenye ubao kwa kila mchezo. Walijua anavyotupa, anavyotembea bila mpira, anavyofanya mchezo unapokuwa mgumu. Isitoshe, katika kambi hiyohiyo alipimwa pia urefu wa mikono iliyonyooshwa, ikaonekana inazidi mita 2.2. Kile chuma kilikuwa tone la mwisho katika ndoo iliyokwisha kujaa maji, na ndiyo maana Seattle waliweza kulipuuza. Mpwa wako alipewa lile tone peke yake, mwanzoni, na ndoo haikuletwa kabisa. Ukiniuliza kosa la usaili ule liko wapi, liko hapo. Vipimo vyenyewe si vibaya. Ubaya ni kuviweka mlangoni viwe bawabu, mpira ukibaki ndani ya begi.

Aliyechaguliwa mbele ya Durant mwaka ule alikuwa Greg Oden, kijana mwenye mwili mkubwa ambao kila kocha angeutamani. Alipasuliwa goti kabla ya msimu wake wa kwanza kuanza, akaukosa wote, na katika maisha yake yote ya NBA alicheza michezo 105. Nimemtaja ili uone kwa nini barua hii imeanza na goti.

Hata hivyo kijana asimfanye Durant hirizi. Kwa kila mmoja aliyeshindwa na chuma akawa nyota, wako wengi walioshindwa na hatukuwasikia tena, na Durant mwenyewe baadaye alijengwa mwili na wataalamu kwa miaka mingi. Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyesoma Makongo, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Mwaka 2009 timu ya Memphis ilimchagua wa pili, kwa sababu ya kimo chake cha mita 2.21 na jinsi alivyokuwa akizuia mipira akiwa Chuo Kikuu cha Connecticut. Aliyechaguliwa wa saba mwaka huohuo alikuwa Stephen Curry, mwembamba ambaye ukimwona amevaa kanzu hungedhani anacheza kitu. Ndani ya msimu wake wa kwanza Thabeet alipelekwa kwa muda katika ligi ya chini ili apate dakika za kucheza. Alikuwa ameanza mchezo huu akiwa amekwisha kuwa kijana mkubwa, na miaka ile ya kudunda mpira utotoni, ambayo Curry aliipata nyumbani kwa baba aliyekuwa mchezaji wa NBA, haifidiwi kwa futi ya kupimia. Simdharau Thabeet hata kidogo. Kufika alikofika bado hakuna Mtanzania aliyemfikia. Nasema tu kwamba vitu vinavyopimika ndivyo vinavyomfungulia mtu mlango, na vile visivyopimika ndivyo vinavyoamua atakaa ndani kwa muda gani.

Je, basi vipimo havina maana? Vina maana, na hapa nitamtetea kocha wako kidogo. Mimi mwenyewe nilifundisha vijana kwa miaka kadhaa kabla ya kushika kalamu, na kosa langu kubwa halikuwa la kumwacha mnyonge. Lilikuwa la kumbeba mwenye nguvu. Nilikuwa na kijana wa miaka 14 aliyekuwa na ndevu tayari, aliyewashinda wote katika kila kipimo nilichokuwa nacho, nami nikajenga timu nzima juu yake. Kila alipopata mpira aliingia kwa kulia, akawasukuma wenzake kama milango, akafunga. Sikumfundisha mkono wa kushoto kwa kuwa hakuuhitaji. Alipofika miaka 18 wale wenzake walikuwa wamerefuka na kujaa, hasukumi tena mtu, na mkono wa kushoto haukuwapo. Vipimo vyangu vilikuwa vimeniambia ukweli kuhusu siku ile, nami nikavisoma kana kwamba vinaniambia kuhusu mwaka wa nne. Kwa vijana wa umri huo kipimo kinafaa kujibu swali moja: huyu ameendaje tangu nilipompima mara ya mwisho? Kumlinganisha na mwenzake aliyezaliwa mwaka uleule ni kulinganisha miili ambayo huenda inatofautiana kwa miaka kadhaa ya ukuaji.

Jirani yako mwanajeshi naye asikilizwe, kwa sababu katika jambo moja ameona mbali kuliko rafiki wa kwenye simu. Kuishia hatua ya tano katika mbio za mlio, hata kwa kijana mwenye njaa, kunaonyesha kwamba pumzi ni ndogo. Mbio zile huanza kwa kasi ya kilomita 8.5 kwa saa na kuongezeka nusu kilomita kila dakika, kwa hiyo alisimama baada ya kama dakika tano tu. Uwanja wa kikapu una mita 28, na mchezaji huupanda na kuushuka mara nyingi sana katika dakika 40 za mchezo, akiruka, akigeuka na kurudi kulinda. Aliyechoka husimama wima badala ya kukunja magoti, na mikono yake hushuka. Kisha hufanya makosa ya uamuzi ambayo watu huyaita kukosa akili ya mchezo wakati ni kukosa pumzi. Hapo kocha alikuwa na haki ya kuona upungufu. Ila pumzi ya mpira wa kikapu si pumzi ya kwata. Haitafutwi kwa kukimbia kilomita kumi barabarani kila alfajiri, hasa kwa goti lile. Inatafutwa kwa vipande vifupi vya kasi na mapumziko mafupi. Daktari akimruhusu, akimbie upana wa uwanja, mita 15, kwenda na kurudi mara nne, apumzike kwa mara mbili ya muda aliokimbia, arudie mara sita, siku mbili kwa wiki. Afanye na mpira mkononi, ili mkono wa kushoto nao upate elimu. Goti likiwa bado linauma, baiskeli inatosha, na Morogoro baiskeli hazijaadimika.

Kuhusu kumpima nyumbani, una kila kitu kinachohitajika, kwa kuwa fundi seremala anajua kupima kuliko makocha wengi ninaowafahamu. Chukua daftari. Kila mwanzo wa mwezi mpime urefu, asubuhi, kwa sababu mtu huwa mrefu kidogo asubuhi kuliko jioni na usipolinda saa utajidanganya. Kila baada ya wiki nane mpime kuruka: asimame kando ya ukuta, anyooshe mkono, uweke alama, kisha apake chaki kwenye vidole na kuruka mara tatu, uandike iliyo bora. Raba ziwe zilezile, sakafu ileile, saa ileile, awe amekula na kulala. Akitoka 38 kwenda 39 usishangilie wala asihuzunike akishuka hadi 37, maana tofauti ya sentimita moja au mbili ni ya chaki na ukuta tu. Akifika 44 hapo kuna habari. Na ikiwa mwezi fulani ameongeza sentimita mbili za urefu huku kuruka kumeshuka, umekwisha kujua sababu, nawe ndiye utakayemweleza ili asirudi usiku kwenye vyuma.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote hakina namba. Mwambie aruke mahali alipo kisha atue, nawe usimame mbele yake utazame magoti. Yakitua sambamba na vidole vya miguu, laini, bila kishindo, ni vizuri. Yakikunjana kuelekea ndani kana kwamba yanataka kugusana, hapo ndipo pa kuanzia kazi, kabla ya chuma chochote. Kwa mabinti jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa wao huumia kano za ndani ya goti mara nyingi kuliko wavulana, na mazoezi ya kutua na kusimama vizuri, yakifanywa kila siku ya mazoezi kabla ya mpira, hupunguza majeraha hayo. Ningekuwa mimi ndiye mwenye usaili ule, ningeanza na hicho, kisha ningewaachia mpira wote sitini.

Jimu sikukatazi kwa sababu ya umri. Ile imani ya kwamba vyuma humdumaza mtoto haina ushahidi wa maana, na wataalamu wa tiba ya watoto wanakubali kwamba kijana anaweza kufanya mazoezi ya nguvu mradi awepo mtu mzima anayejua kazi, uzito uanze mdogo, na mtindo uwe sahihi kabla ya kuongeza chochote. Kinachoumiza ni kile anachofanya sasa: usiku, bila mwalimu, akishindana na watu wenye familia zao. Kwa miezi minne ya kwanza uzito wa mwili wake unamtosha. Pushapu akizipigia mikono juu ya benchi lako la karakana, kwa kuwa mwinuko hurahisisha, kisha kushuka sakafuni taratibu kadiri anavyoweza; kujivuta kwenye mti; kujishikilia kwa viwiko huku mgongo umenyooka; na, goti likiruhusu, kuchuchumaa kwa kiti. Mara mbili au tatu kwa wiki, dakika 30. Hizo shilingi 40,000 zinunue raba nzuri kwanza.

Unga wa protini usinunue. Kopo la 180,000 halina kitu ambacho mayai, maziwa, maharage, dagaa na karanga havina, na kijana anayerefuka kiasi hicho anahitaji chakula kingi cha kawaida, kifungua kinywa kikiwa cha kweli na si chai kavu. Tena makopo hayo wakati mwingine huchanganyika na vitu vilivyopigwa marufuku michezoni, na sheria za kupambana na dawa hizo humwajibisha mchezaji kwa kila kilichokutwa mwilini mwake, awe alijua au hakujua. Cha bure kuliko vyote ni usingizi. Kijana wa umri wake anahitaji saa nane hadi kumi, naye anazitumia jimu, huku mtihani wa taifa wa kidato cha pili ukimsubiri.

Kwa kocha nenda, lakini usiende kumkabili. Alizungumza na kijana kwa upole, na hiyo ni alama nzuri. Mpigie kwanza, jitambulishe, mshukuru, halafu mwambie kwamba kijana ameongeza sentimita 11 tangu mwezi wa tisa mwaka jana na kwamba ana goti linalotibiwa. Mwombe jambo moja: siku yoyote ya kawaida ya mazoezi, amwone akicheza kwa dakika 20 pamoja na vijana wake, bila ahadi ya nafasi. Kocha anayeipenda kazi yake atakapoisikia namba hiyo ya 11 atasimama kidogo. Asiposimama, basi fedha ya nauli umeiokoa, na mashindano ya shule ya UMISSETA bado yapo, yenye macho mengine ya kumtazama.

Na hapana, hajachelewa. Khaman Maluach, aliyezaliwa Sudan Kusini mwaka 2006 na kukulia Kampala, alianza kuucheza mchezo huu akiwa na miaka 13 hivi. Kutoka Uganda alikwenda kwenye kituo cha NBA kilichoko Saly nchini Senegal, akacheza Kombe la Dunia la 2023 akiwa na miaka 16 na Olimpiki ya Paris akiwa na 17, na mwaka 2025 akachaguliwa wa 10 katika NBA. Mtoto wako alianza darasa la saba. Kwa hesabu hiyo si mgeni wa mchezo. Simwahidi NBA. Nakuonyesha tu kwamba miaka 15 si jioni.

Umeuliza pia kuhusu Jumapili na watu wazima. Goti likishapoa, mwache acheze, kwa kuwa kule hawezi kumsukuma mtu yeyote na atalazimika kutumia pasi, miguu na mkono wa kushoto. Ila zungumza na yule mkubwa wao anayepanga timu, umweleze kwamba kijana anatoka nje baada ya michezo miwili, hata kama wamebaki wanne. Kwa Jumapili hizi za karibuni akae pembeni na daftari, ahesabu mara ngapi kila mchezaji anarudi kulinda baada ya kupoteza mpira, kisha jioni akusomee.